Mchele wa Baba Kwenye Mizani

Nakichukia kikombe. Sisemi kikombe cha kunywea chai, hicho hakijanikosea kitu. Nasema kikombe cha kupimia, kile ambacho kila anayejiita mpishi hapa Ifakara anakitaja kwa kujiamini, "tia vikombe vitatu vya unga," bila kukuambia ni kikombe kipi, cha nani, na unga umeingiaje humo ndani. Nina biashara ndogo ya keki na mikate nyumbani kwangu Kibaoni, na mwaka wa kwanza wa biashara hiyo uliniharibu tabia. Mama mmoja aliyenifundisha kuoka alipima kwa kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni. Mimi nilikuwa na cha plastiki. Keki zake zilisimama, zangu zilikaa kama tofali bichi. Nilipomuuliza, alinitazama kwa huruma ya uongo akaniambia nina mkono mzito.

Maneno hayo yaliniuma kuliko keki. Nikanunua mizani ndogo ya betri, nikarudi kwake nikijifanya naomba kurudia somo, na kila alichotia kwenye beseni nilikipima kwanza. Yeye aliuchekecha unga, akauchota kwa kijiko, akaudondoshea kikombeni taratibu mpaka ukafika ukingoni. Mimi kwangu nilikuwa nachovya kikombe kwenye ndoo na kuushindilia kwa kiganja, kama nilivyowaona watu wote wa nyumbani wakipima tangu nazaliwa. Kwenye vikombe vitatu nilikuwa nazidisha karibu robo kilo ya unga. Mkono wangu haukuwa na kosa lolote. Alikuwa anajua tofauti hiyo na alininyima.

Tangu hapo sina kikombe jikoni kwangu. Kila resipi ninayoipata naikalisha chini naigeuza: unga gramu kadhaa, sukari gramu kadhaa, mafuta nayo gramu, maana kikombe cha mafuta hakina uzito wa kikombe cha maji, hata mayai nayapima bila maganda. Wanaokuja kujifunza kwangu wananiona mkorofi. Wakitamka neno kikombe nawanyamazisha. Sina haja ya kupendwa na wanafunzi, nina haja ya keki kusimama.

Naeleza haya yote ili ieleweke kwamba mizani ilikuwepo nyumbani kwangu kabla ya baba kuja. Shangazi amewaambia watu niliinunua kwa ajili yake, na huo ni uongo.

Baba yangu ni mkulima wa mpunga, Mngeta. Kule kwetu bondeni chombo cha kupimia kisichokuwa na kilima juu yake ni wizi. Ukinunua mchele kwa kopo, muuzaji anajaza, anatikisa, anajaza tena, kisha anarundika mpaka punje zinaanza kuporomoka, na hapo ndipo mnunuzi anapofungua mfuko. Akikufutia kwa ubao usawa wa ukingo, hurudi kwake tena. Mizani ni habari nyingine kabisa. Mizani ni ya walanguzi. Nikiwa mdogo niliwaona wakija na ile ya kuning'iniza, wakiifunga kwenye tawi, na gunia ambalo baba alilijaza na kulishona kwa mkono wake likapungua likiwa hewani. Baba aliangalia ule mshale, akatema mate, akakubali, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na hakuwa na turubai. Sijawahi kumsikia akitaja mizani bila kuongeza tusi.

Alikuja kwangu kwa treni, wakati wa masika, na gunia la mchele wake mwenyewe, aina ya supa ya msimu uliopita, na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikuwa anatembelea kisigino. Alisema kisiki cha mpunga kimemchoma, jambo dogo, amekuja tu kwa sababu mdogo wangu anapiga kelele kwenye simu. Nilipofungua kitambaa alichojifunga nilisikia harufu kabla sijaona chochote. Nilimpeleka hospitali bila kusubiri chai.

Ikawa sukari. Daktari hakuzunguka maneno, na kwa hilo namheshimu. Alisema sukari ikishuka, kidonda kinaweza kupona. Isiposhuka, kidole kitaondoka, na kisu kikishaanza kwenye kidole huwezi kujua kitaishia wapi, kwenye unyayo au chini ya goti. Alisema hayo akimtazama baba machoni. Baba, ambaye mguu huo umeingia kwenye matope ya Mngeta tangu akiwa kijana mdogo, akajibu, "Tutaona." Mimi ndiye niliyeshindwa kulala kwa wiki nzima.

Tulipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, kijana aliyechomekea shati vizuri, na ukutani kwake kuna picha ya sahani yenye matango na mchicha na kilima kidogo cha wali pembeni. Akamwambia baba, "Mzee wangu, wali kikombe kimoja tu kwa mlo."

"Kikombe kipi?" nikauliza.

"Kikombe cha kawaida, mama."

"Hakuna kikombe cha kawaida. Cha bati au cha udongo? Kimefutwa au kina kilima? Cha mchele au cha wali ulioiva?"

Alicheka. Baba naye akacheka, wakacheka pamoja kama watu waliocheza bao wote miaka yote, na mimi nikakaa pale na hasira zangu. Sikunyanyuka kwenye kiti. Nilimwambia sitaondoka mpaka aniambie gramu, za wali ulioiva, za kila mlo. Akatoa simu, akatafuta, akatafuta tena, mwishowe akanitajia, na nikamrudisha mara mbili kuhakikisha hajakisia. Kwenye bajaji baba akasema, "Umemsumbua sana mtoto wa watu."

Jioni hiyo nilipika wali wa nyumba nzima sufuria moja. Mchele wa msimu uliopita unakunywa maji mengi na kufura, kwa hiyo kikombe chake kikiiva kinajaza sahani ambayo mchele mpya usingeijaza. Ndiyo sababu nilitaka uzito wa kilichoiva, siyo hadithi za vikombe. Nikaweka sahani ya baba kwenye mizani, nikabonyeza ikarudi sifuri, nikapakua. Ikazidi kidogo, nikapunguza kijiko. Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Napima, baba."

"Unapima nini?"

"Chakula chako."

Alirudi kukaa. Nilimletea wali, maharage, mchicha mwingi na kipande cha kambale. Aliitazama ile sahani. Halafu akasema, bila kuinua sauti, "Kambini Chita, nikiwa JKT, walitutukana asubuhi mpaka jioni. Walitukimbiza na magogo mabegani. Lakini wali walitupakulia kwa koleo. Hakuna aliyenipimia."

Asiyetoka bondeni atadhani ni mzee anadeka. Kwetu chakula cha mtu hakipimwi. Unaleta hotpoti lote mezani, na kila mtu anajizuia mwenyewe. Hata mgeni unayemchukia unamletea hotpoti lote. Anayepimiwa ni mfungwa, au mtu ambaye mmeshamchoka na mnataka aelewe bila kuambiwa. Nililijua hilo. Nililelewa humo humo. Na bado nilipima, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu nilikuwa nimeinusa ile harufu, na kati ya baba mwenye kinyongo na baba mwenye magongo, nilichagua kinyongo.

Shangazi alifika siku ya tatu. Ni dada yake mkubwa baba, anaishi upande wa pili wa mji, na katika ukoo wetu neno lake halikatwi. Nilimpokea uani.

"Shikamoo shangazi."

"Sikuitikii. Wewe mtoto, unampimia kaka yangu wali kama sumu ya panya?"

"Shangazi, ana sukari."

"Sukari anayo yeye au unayo wewe? Mwenye sukari anaacha sukari. Wali una sukari gani?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa adabu, mpaka adabu ikaniishia. Nikamwambia kama anataka kaka yake akatwe mguu basi amchukue akae naye, na aje kuniambia kitabaki kiasi gani cha kuzika. Hayo hayakuwa maneno ya kumwambia shangazi. Alifunga khanga yake upya kiunoni, akaondoka bila kunywa maji. Kesho yake akatuma bakuli la wali wa nazi limefunikwa kwa sahani, nami nikalirudisha limefunikwa vile vile. Keshokutwa likaja jingine. Nikalirudisha. Majirani waliokuwa wanaona mabakuli yanapita na kurudi walipata mazungumzo ya mwezi mzima.

Baba alikula alichopewa, akakwangua sahani kwa sauti, kila siku, ili nisikie.

Mwishoni mwa mwezi wa nne shangazi alibadilika. Alikuja mwenyewe, mnyenyekevu kidogo, ameleta kopo kubwa la maziwa ya unga limejaa pepeta. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa mashambani, bado una maziwa kwa ndani, na huo ndio wakati wake: watu wanauvuna kabla ya siku zake, wanaukaanga, wanautwanga ungali wa moto mpaka punje zinalala bapa, kisha wanapepeta makapi. Ni kitu cha kutafuna. Watoto wanajaza mifukoni wakienda shule, wanawake wanatafuna sokoni wakisubiri wateja, na msimu wake ukiisha hakuna anayekumbuka kama alikula. Nilimshukuru shangazi kwa dhati. Nilifurahi kwamba amekubali kushindwa bila kuniaibisha. Kopo likawekwa kwenye kigoda barazani kando ya kiti cha baba, na likipungua shangazi analeta jingine. Mimi mwenyewe nikipita nilichota, nikatafuna, nikaendelea na kazi.

Kwenye kliniki sukari ilikuwa imegoma. Mwanzoni ilishuka vizuri, nikatamba moyoni. Kisha ikapanda. Tukarudi, imepanda tena. Nesi akaniuliza anakula nini, nikamtajia kila mlo kwa gramu zake, na baba akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Nesi akauliza, "Na vitafunwa je?"

"Hakuna," nikasema. "Hana chapati, hana andazi, soda haingii nyumbani kwangu."

"Kweli mzee?"

"Kweli kabisa," baba akasema. "Huyu ataniachia wapi andazi?"

Nesi alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Daktari akafungua kidonda. Hakikuwa kimefunga hata kidogo, na pembeni kulikuwa na weusi mpya. Akasema atatuona wiki ijayo, na kama hali ni hii hii, atamwandikia baba siku ya kukatwa kidole. Baba alivaa kandambili zake akatangulia kutoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hata chembe ya subira. Kwanza nilishuku mizani. Niliweka juu yake pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa, ikasoma sawasawa. Nikaweka mbili, ikasoma sawasawa. Mizani haikuwa na kosa. Basi akabaki baba. Nilimwendea barazani nikamuuliza moja kwa moja, anakula wapi? Ni shangazi anamletea wali nikiwa sokoni? Ni jirani?

"Sili kitu," akasema. "Nakula unachonipimia."

"Baba, unanidanganya."

Kwa mtu wa rika lake, kuambiwa hivyo na binti yake ni sawa na kofi. Akanyanyua mkono akaonyesha mlango wa chumba chake. "Pekua," akasema.

Na mimi nikapekua. Niliinua godoro, nikamwaga begi lake, nikapapasa mifuko ya koti. Nilikuta rozari, soksi, na tochi isiyo na betri. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja umeinuliwa kidogo usiguse chini, ananitazama ninavyokunja nguo zake kuzirudisha. Hakutukana. Afadhali angetukana. Akarudi barazani akakaa, na nikasikia kopo linakwaruza kwenye kigoda, anavuta karibu pepeta zake.

Siku mbili baadaye nilikuwa na keki ya kipaimara. Nimeshawasha mizani, nimekumbuka kwamba mafuta yako barazani, nikatoka kuyachukua, na kwa mazoea nikachota pepeta koponi. Nimerudi jikoni chupa mkono mmoja, pepeta mkono mwingine, nataka kufungua kizibo, nikazimimina pepeta juu ya mizani ili mkono uwe huru. Namba ikatokea. Niliiangalia bila kufikiri kitu, kama mtu anavyosoma maandishi ya kwenye gari linalopita. Halafu nikaiangalia tena.

Ilikuwa konzi moja tu, tena ya mkono wangu, ambao ni mdogo.

Nikazima jiko. Nikaenda barazani nikalichukua kopo mbele ya baba, nikalimwaga lote kwenye beseni, nikapima. Ukilitazama kopo la pepeta unaona hewa, vipande vyepesi vya kupeperushwa. Kwenye beseni lilikuwa limezidi mchele mkavu wote niliokuwa nampikia baba kutwa nzima, milo yote mitatu, na hilo lilikuwa limeshaliwa nusu. Nimegeuza vikombe kuwa gramu miaka yote hii, nimemdhalilisha kijana wa watu hospitalini kwa sababu ya kikombe, na pembeni ya kiti cha baba kulikuwa na kopo ambalo hakuna mtu aliyelihesabu. Baba hakulihesabu, nesi aliuliza akajibiwa kwamba hakuna, shangazi alilileta mchana kweupe, na kila mmoja wetu alisema ukweli. Pepeta ni pepeta. Kwetu ukitafuna pepeta tangu asubuhi na mtu akikuuliza jioni umekula nini, utamwambia sijala kitu toka jana.

Hasira yangu ilikosa mtu wa kumshika, na hasira ya namna hiyo ni mbaya kuliko zote.

"Baba, hizi pepeta basi."

"Basi nini?"

"Hutakula tena."

"Pepeta siyo chakula."

"Ni nini?"

"Ni pepeta."

"Ni mpunga, baba. Wewe umelima mpunga maisha yako yote, mimi ndiye nikuambie pepeta ni mpunga?"

Nikamletea mizani pale barazani, na beseni, nikamwonyesha. Nikapima mchele wa mlo mmoja, nikapima pepeta, nikarudia. Hakuangalia namba. Aliiangalia ile mizani yenyewe, akatema mate pembeni, kwa heshima, kwenye mchanga. "Vitu hivi," akasema, "nimeshawahi kuviona vikifanya kazi."

Nami nikalinyanyua beseni nikazimwaga pepeta zote uani, kuku wakaja mbio.

Nilijua nafanya nini. Mbele ya mkulima, mpunga mchanga uliotwangwa kwa mikono ya dada yake, naumwagia kuku. Baba hakuinuka. Aliwatazama kuku mpaka wakamaliza. Kuanzia siku hiyo hakunisemesha tena, zaidi ya kuitikia salamu, na kuitikia kwenyewe kwa kichwa.

Lakini alikula nilichopima na hakugusa kingine. Alikula kwa chuki, kila gramu, kama mtu anayetumikia kifungo na hataki kumpa askari nafasi ya kumwongezea siku. Shangazi alileta kopo jingine akalikataa yeye mwenyewe, nikasikia akimwambia, "Usilete. Asije akanipekua tena." Kwenye kliniki sukari ilikuwa imeanza kushuka. Daktari akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Weusi ukaishia pale pale ulipofika. Nyama nyekundu ikaanza kutokea pembeni, kidogo kidogo, na nilikuwa nakiosha kidonda kile kila jioni nimepiga magoti mbele ya mtu anayetazama ukuta.

Kilipofunga kabisa, mavuno yalikuwa karibu yanaisha. Daktari alimwambia amepona, aendelee na vidonge na chakula kile kile. Siku iliyofuata baba alifunga begi lake akaondoka na treni. Kilichobaki kwenye gunia la mchele aliniachia. Sikujua maana yake.

Aliporudi mjini kwa ajili ya kliniki, alipita kwangu. Nikapika. Akasema ameshiba. Mara ya pili nikapika tena, nikaleta hotpoti zima mezani, sikupima, nikamnawisha mikono. Akafuta mikono kwenye suruali akasema ameshiba. Alikuwa anatoka kula kwa shangazi. Mara nyingine hakuwa amekula popote, alikuwa ametoka moja kwa moja stesheni, midomo imekauka, na bado alisema ameshiba. Huku kwetu baba akikataa chakula cha binti yake mbele za watu, hahitaji kueleza. Watu wanaeleza wenyewe. Wengine walisema nilimwekea kitu. Wateja wangu wawili wa muda mrefu walihamia kwa yule mama wa kikombe kilichobonyea, na nilijua sababu.

Shangazi akaitisha kikao nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa. Tulikuwa sisi watatu na mume wangu, ambaye huwa safarini na lori na alikuja kwa kunisindikiza tu. Shangazi alisema mambo haya ni mepesi. Niombe radhi kwa kumpimia baba yangu chakula, niseme nilikosa, na baba atakula kwangu siku hiyo hiyo, yaishe.

Ningeweza kusema. Mume wangu alinigusa goti, maana yake sema. Kwa kupekua chumba ningeomba radhi, hata kwa kuku ningeomba, na niliwaambia hivyo. Lakini shangazi alitaka niombe radhi kwa kupima. Nikasema, "Baba, naomba uvue kiatu."

Nilidhani atakataa. Akainama, akafungua kamba za kiatu taratibu, akavua soksi, akaweka mguu wa kulia juu ya mkeka katikati yetu. Kidole kilikuwa pale, kina kovu la kung'aa, ukucha umeota upande. Vidole vingine vyote vilikuwa pale.

"Mguu ni mzima," baba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza ananisemesha sentensi nzima tangu siku ya kuku. "Siwezi kusema si mzima. Lakini ule mchele ulionipimia ulikuwa wangu. Niliulima mimi, kwa mguu huu huu. Nikaubeba mimi mpaka kwako. Ukanipimia mchele wangu mwenyewe, na kilichobaki ukakirudisha kwenye sufuria yako."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Nilitazama kovu lile. Shangazi akasema, "Haya, mwombe baba yako radhi."

"Baba," nikasema, "ningepima tena."

Alivuta soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba. Akainuka bila kushika ukuta.

Kesho yake asubuhi alipita kwangu, begi begani. Nilikuwa nimepika. Nilimkaribisha, akasema ameshiba, akaomba maji. Nikamletea kwenye glasi. Aliyanywa amesimama pale barazani, akanirudishia glasi. Nikamwambia nimwitie bajaji, stesheni ni mbali. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi, akaenda kwa miguu.